SOMO LA MWEZI: Baada ya "Amina", Nani Atachota Maji?

Maandiko ya kusoma: Zaburi 41, 2 Wafalme 20:1-7, Marko 2:1-12, Kutoka 18:1-27



Hapa Nakivale ni nadra Jumapili kupita bila tangazo la mgonjwa. Mzee wa kanisa anasimama, anataja jina la mpendwa aliyelala, na baada ya ibada watu wanajipanga kwenda kumwona. Desturi hiyo ni njema, nasi tulitoka nayo nyumbani. Vita vilitunyang'anya mashamba, ng'ombe na nyumba, lakini desturi ya kupiga hodi kwa mgonjwa tulivuka nayo mpaka.

Pamoja na hayo kuna swali ambalo hatulizungumzi sana. Tukishatoka kwa mgonjwa, tunaacha nini nyuma yetu? Tena kuna neno tunalolisikia kila siku kwenye mikutano na kuliona kwenye mabango ya mashirika, nalo ni "maendeleo". Wengi wetu tunafikiri maendeleo ni jambo la ofisi na la wenye magari. Somo hili linataka kuonyesha kwamba kitanda cha mgonjwa ni mahali pazuri pa kupimia maendeleo ya kijiji, na kwamba mtu anayemtembelea mgonjwa kwa macho yaliyofunguka amekwisha kuanza kazi hiyo.

1. MGENI ASIYEFAA NA MGENI ALIYE HERI

Zaburi ya 41 ni zaburi ya mtu aliyelala kitandani. Ukiisoma polepole utakuta ndani yake wageni wa namna mbili.

Mgeni wa kwanza yuko katika mstari wa 6. Anaingia kwa maneno matupu, moyoni anakusanya habari mbaya, na akifika nje anazitangaza. Ndugu zangu, mgeni huyu tunamjua. Anamwangalia mgonjwa amekonda, kisha njiani anaanza kunong'ona juu ya ugonjwa ambao hajaupima. Au anamwambia jirani kwamba mama fulani amerogwa na mke mwenzake. Familia zimegawanyika kwa sababu ya ziara ya dakika kumi. Mgonjwa alihitaji uji, akapewa sifa mbaya.

Mgeni wa pili yuko katika mstari wa 1, pale Daudi anaposema juu ya heri ya mtu anayemjali mnyonge. Neno la Kiebrania lililotumika pale si la huruma peke yake. Lina maana ya kutumia akili, kutazama jambo kwa busara mpaka ulielewe. Kwa hiyo aliye heri ni yule anayekaa chini na kufikiri: Mtu huyu ana shida gani hasa? Chanzo chake ni nini? Nani anamsaidia usiku? Machozi ni mema, lakini Daudi anadai tufikiri pia.

2. TULIYOYAONA KANDO YA KITANDA

Mwezi uliopita tulikwenda zoni ya Rubondo kumwona mama mkubwa, dada ya mama yangu mzazi. Alipatwa na kiharusi, na upande wa kushoto wa mwili wake hauna nguvu. Natoa habari hii kwa ruhusa yake, kwa sababu yeye mwenyewe alisema wengine wajifunze.

Baada ya salamu nilimwambia, "Mama mkubwa, nimesikia watu wa Mungu hawajakuacha."

Akajibu polepole, "Ni kweli, mwanangu. Wanakuja wengi, na wanaomba vizuri. Lakini wakiisha kusema Amina wanaondoka, na jerikeni inabaki tupu."

Maneno hayo yalitufanya tuangalie nyumba kwa macho mengine. Tuliona mambo matano.

Kwanza, maji. Jerikeni moja ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Kipimo cha chini kinachotumiwa na mashirika ya misaada ni lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku. Familia ya watu sita inahitaji basi lita 90, yaani jerikeni nne na nusu, na hapo hatujahesabu shuka za mgonjwa anayeoshwa kitandani. Mgonjwa mmoja anaongeza safari za bombani, na yule aliyekuwa akizifanya pengine ndiye aliyelala.

Pili, mtoto. Anayemhudumia mama mkubwa ni mjukuu wake wa miaka 13. Alikuwa ameacha kwenda shule kwa wiki kadhaa. Hakuna aliyemkataza. Ni kwamba hakukuwa na mtu mwingine wa kukaa na bibi. Hivi ndivyo ugonjwa wa mtu mmoja unavyogeuka kuwa ujinga wa mwingine, na ujinga huo ukawa umaskini wa kesho. Wageni wote walimsifu binti kwa utii wake. Hakuna aliyemuuliza yuko darasa la ngapi.

Tatu, vidonda. Mtu asiyeweza kujigeuza anapata vidonda vya kulalia mgongoni, kiunoni na kwenye visigino. Anatakiwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, kuwekwa pakavu, na ngozi yake kuangaliwa kila siku. Kazi hii haihitaji fedha wala cheti. Inahitaji mikono na zamu.

Nne, chakula. Mgao wa chakula hapa Uganda ulianza kupunguzwa mwaka 2020. Mwaka 2023 familia ziligawanywa katika makundi kulingana na hali zao, na mwaka 2025 wengi wakaondolewa kabisa katika orodha. Mgonjwa wa presha anashauriwa kupunguza chumvi na kula mboga. Lakini nyumba yenye posho peke yake itapata wapi mboga, kama hakuna mtu wa kulima hata tuta moja nyuma ya nyumba?

Tano, dawa. Jambo hili lina uzito wake, nalo lina sehemu yake hapa chini.

3. MAOMBI NA DAWA HAVIGOMBANI

Mama mkubwa alikuwa na presha kwa miaka mingi na alikuwa akinywa vidonge kila siku. Katika chumba kimoja cha maombi aliambiwa kwamba kuendelea kumeza vidonge ni dalili ya kutoamini. Akaviacha. Alijisikia mzima kwa muda, kwa maana presha mara nyingi haiumi. Inafanya kazi yake kimya ndani ya mishipa. Halafu asubuhi moja hakuweza kuinua mkono.

Wapendwa, tusome 2 Wafalme 20:1-7. Mfalme Hezekia aliugua karibu ya kufa. Aliomba akilia, na Mungu akasikia na kumwongezea miaka 15. Je, baada ya ahadi hiyo nabii Isaya alisema nini? Aliagiza waandae tini na kuziweka juu ya jipu. Mungu yule yule aliyejibu maombi ndiye aliyeruhusu dawa. Isaya hakuona aibu, wala Hezekia hakuhesabiwa kuwa na imani haba.

Tena mtume Paulo, ambaye kwa mikono yake wengi walipona, alimwacha Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa (2 Tim. 4:20), na alimpa Timotheo ushauri juu ya tumbo lake lililosumbua mara kwa mara (1 Tim. 5:23). Kama ugonjwa ungekuwa ushahidi wa kukosa imani, watumishi hawa wote wangehukumiwa.

Basi tuweke msimamo. Asiwepo mtu katika kanisa letu wa kumwambia mgonjwa aache dawa ya presha, ya kisukari, ya kifafa, ya kifua kikuu au ya virusi vya UKIMWI. Mwenye ushuhuda wa kuponywa arudi kituo cha afya akapimwe. Mungu haogopi kipimo. Yesu mwenyewe aliwatuma wenye ukoma waende kujionyesha kwa makuhani (Luka 17:14).

Kila mtu ajue pia dalili za kiharusi. Uso unashuka upande mmoja, mkono mmoja unakosa nguvu, na maneno yanakuwa mazito au hayaeleweki. Mambo haya yanakuja kwa ghafla. Ukiyaona usingoje mkesha wa Ijumaa. Ombeni mkiwa njiani kuelekea kituo cha afya, maana kila saa ina thamani.

4. WATU WANNE, NA NYUMBA ILIYOZIBA MLANGO

Katika Marko 2 tunasoma habari za mtu aliyepooza huko Kapernaumu. Tumezoea kuhubiri juu ya paa lililotobolewa. Leo tuangalie mlango. Kwa nini walipanda juu ya paa? Kwa sababu nyumba ilijaa watu mpaka mlangoni. Na watu hao walikuwa wakisikiliza Neno la Mungu! Watu wema, wamekaa kwenye mahubiri, wameziba njia ya mgonjwa. Kanisa linaweza kujaa sifa na mafundisho, na bado mgonjwa asipate pa kupita.

Tuone tena kwamba walikuwa wanne. Mtu mmoja, hata akiwa na upendo mwingi kiasi gani, habebi kitanda peke yake. Na katika mstari wa 5 Yesu aliangalia imani yao, wote pamoja. Imani ile ilionekana kwa macho. Ilikuwa na mabega manne na kamba.

Ndugu zetu wenyeji wa huku Ankole na Kigezi wanalielewa andiko hili kuliko wengi wetu. Tangu zamani wana vikundi vinavyoitwa engozi. Engozi ni machela ya kubebea mgonjwa, ile ambayo sisi wa Kivu tunaiita kipoyi. Katika milima isiyo na barabara, mtu akizidiwa, wanaume wa kijiji wanambeba kwa zamu mpaka hospitali. Kila nyumba inahesabiwa katika kikundi, na asiyetoa bega anatoa mchango. Kikundi hicho hicho kinasaidia wakati wa msiba.

Tazameni jinsi jambo hilo dogo lilivyokua. Huko Rukungiri kuna Hospitali ya Kisiizi ya Kanisa la Uganda. Mwaka 1996 hospitali hiyo ilianzisha mpango wa bima ya afya, na ilitumia vikundi vya engozi kuandikisha wanachama. Watu walikuwa wamezoea kubebana, kwa hiyo haikuwa vigumu kuwafundisha kuchangiana gharama za matibabu kabla ugonjwa haujaja. Hayo ndiyo maendeleo. Yalianza begani, kabla ya kufika kwenye daftari.

5. YETHRO: MGENI ALIYEKAA MPAKA KESHO YAKE

Andiko letu la mwisho ni Kutoka 18. Waisraeli wako jangwani, wanaishi katika mahema, wametoka nchi moja na hawajafika nyingine. Hali hiyo hatuhitaji kuelezwa. Yethro, mkwe wa Musa, anakuja kumtembelea ndugu yake. Tujifunze hatua zake.

Kwanza, waliulizana hali na kuingia hemani (mst. 7). Yethro hakuanza na mashauri. Alianza na salamu za ukoo.

Pili, alisikiliza. Musa alimweleza taabu zote za safari na jinsi Bwana alivyowaokoa, naye akafurahi pamoja naye (mst. 8-9).

Tatu, walimtolea Mungu sadaka na kula pamoja (mst. 12). Hapo wengi wetu tungeaga na kurudi nyumbani.

Nne, alikaa mpaka kesho yake akaangalia (mst. 13-14). Aliona Musa ameketi tangu asubuhi mpaka jioni na watu wamesimama kwenye mstari. Akauliza sababu. Akaona hatari: Musa atachoka, na watu nao watachoka (mst. 18). Yethro aliuona ugonjwa kabla haujamwangusha mgonjwa.

Tano, alishauri utaratibu: viongozi wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Mzigo wa mtu mmoja ukagawanywa. Kisha Yethro akarudi kwao (mst. 27).

Tusisahau Yethro alikuwa nani. Alikuwa Mmidiani, mwenyeji. Musa alipokimbia Misri, ni huyu aliyempokea, akampa kazi na familia (Kut. 2:15-22). Musa alikuwa mkimbizi katika nchi ya Yethro, na hekima iliyookoa uongozi wa Israeli ilitoka kwa mwenyeji wake. Kwa hiyo tusidharau ushauri wa majirani zetu wa Isingiro. Makazi haya yalitangazwa rasmi mwaka 1960, na hapa wamepita watu wa mataifa mengi. Wenyeji wameona wengi wakija na wengine wakiondoka. Vituo vya afya vya hapa vinatibu mkimbizi na mwenyeji kwenye benchi moja. Basi hata machela yetu iwabebe wote wawili.

6. MAMBO YA KUTENDA

Somo lisilo na kazi ni kelele. Tunaomba kila kikundi cha nyumbani kijadili mambo haya.

Kabla ya kwenda: Ulizeni anayemhudumia mgonjwa ni saa ngapi inafaa. Msiende watu kumi kwa mara moja. Chukueni jerikeni mkononi, na kama mna mboga au kuni, vizuri zaidi.

Mkiwa ndani: Nawa mikono kabla ya kumgusa. Usikae juu ya kitanda bila ruhusa. Msikilize zaidi ya kuongea. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba walizokaa kimya (Ayubu 2:13). Uliza kwa upole kama dawa zipo na kama zinanywewa, na tarehe ya kurudi kliniki. Mama aulizwe na akina mama, mzee na wazee wenzake, ili heshima ilindwe. Soma andiko fupi, omba kwa kifupi.

Kabla ya kutoka: Mwangalie mhudumu. Amelala? Amekula? Mtoto anakwenda shule? Mwambie akapumzike saa mbili huku ninyi mkibaki.

Mkitoka: Siri ya mgonjwa ibaki kwa mgonjwa. Lakini mahitaji yake yafike kwa mashemasi siku hiyo hiyo. Mjulisheni pia mhudumu wa afya wa kijiji, yule tunayemwita VHT, kwa sababu kazi yake ni kuunganisha nyumba na kituo cha afya.

Kikundi cha wabebaji: Kila kijiji kiwe na watu wasiopungua wanane walio tayari usiku, wanne kwa zamu. Machela inaweza kutengenezwa kwa miti miwili na turubai imara. Pawepo pia mfuko mdogo wa usafiri. Kwa mfano, watu 20 wakitoa shilingi 500 kila mmoja kwa wiki, wanapata shilingi 10,000, na kwa mwaka ni shilingi 520,000. Daftari lishikwe na watu watatu na kusomwa hadharani kila mwezi. Asiye na shilingi asitengwe. Atoe jerikeni, atoe saa moja ya kukaa na mgonjwa, atoe bega.

Kwa mama mkubwa kikundi cha nyumbani cha Rubondo kilianza na zamu. Akina mama wanafika asubuhi kwa siku tano za wiki, wawili wawili. Vijana wanachota maji jioni. Binti amerudi darasani. Vidonge vimeanza tena kwa maelekezo ya kituo cha afya. Mkono bado hauna nguvu, nasi tunaendelea kuomba.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chako, ni nani mgonjwa wa muda mrefu ambaye watu wamechoka kumtembelea?
2. Soma Marko 2:2. Ni mambo gani katika kanisa letu yanayoziba mlango wa mgonjwa?
3. Kuna mtoto yeyote aliyeacha shule ili kumhudumia mgonjwa? Kikundi kitafanya nini wiki hii?
4. Mjue jirani mmoja mwenyeji. Muulize kikundi cha engozi cha kwao kinaendeshwaje, kisha mlete habari kwenye kikundi.
5. Chagueni jambo moja katika sehemu ya 6, mwandike jina la atakayelisimamia na tarehe ya kuanza.

Viongozi wa vikundi walete majibu ya swali la 5 kwa mzee wa zoni kabla ya Jumapili ya mwisho wa mwezi.

Bwana aliyetuvusha mpaka atutie nguvu ya kubebana. Amina.